Simu Tatu kwa Mama Mkubwa: Uchambuzi wa Kisa cha Mauzo ya Kupotosha

Kilichouzwa kilikuwa vidonge vya magoti. Aliyeuziwa ni mama mkubwa, mjane wa miaka 79, mwalimu mstaafu wa hisabati anayeishi peke yake na ambaye hesabu zake za nyumbani zimenyooka kuliko za wengi wetu. Alipigiwa simu tatu kwa nyakati tofauti. Ya kwanza haikuuza kitu. Ya pili ilimuuzia pakiti moja kwa jinsi alivyosikia yeye, na pakiti ya kila mwezi isiyo na mwisho kwa jinsi mkataba ulivyosema. Ya tatu ilikuja baada ya familia kugundua, na kwa maoni yangu ndiyo iliyokuwa mbaya kuliko zote. Kila moja ilikuwa na kazi yake, ndiyo maana nazichukua moja moja.

Mpigaji wa kwanza alikuwa mwanamke. Alitoa shikamoo, akasubiri marahaba, kisha akasema anafanya utafiti mfupi kuhusu afya ya watu wazima na hauzi chochote. Maswali yalikuwa mepesi. Mama, usingizi unapatikana? Magoti hayasumbui ukipanda ngazi? Dawa unazotumia zinakusaidia? Unaishi na nani hapo nyumbani? Mama mkubwa alijibu yote. Baadaye alituambia yalikuwa mazungumzo mazuri, na namwamini.

Tazama kilichovunwa katika muda mfupi namna ile: maumivu gani anayo, kwamba dawa za sasa hazimridhishi, kwamba hakuna mtu pembeni yake wa kuuliza "nani huyo?", na kwamba ni mstaarabu asiyeweza kumkatia mtu simu. Taarifa za aina hii zina soko. Orodha za watu wanaopokea na kusikiliza hupita kutoka kwa muuzaji mmoja hadi mwingine, na jina likishaingia humo halitoki kirahisi.

Kuna jambo la pili ambalo simu ile ilifanya, nalo ni la ndani zaidi. Mwaka 1966 wanasaikolojia Jonathan Freedman na Scott Fraser wa Chuo Kikuu cha Stanford walichapisha jaribio walilofanya kwa simu. Waliwapigia akina mama wa nyumbani huko California, wakawaomba wajibu maswali machache kuhusu sabuni wanazotumia. Siku chache baadaye waliwapigia tena wakiwa na ombi zito: waruhusu kundi la wanaume liingie nyumbani kwa saa mbili na kuorodhesha bidhaa zote zilizomo. Miongoni mwa waliokwisha kujibu maswali ya sabuni, zaidi ya nusu walikubali. Miongoni mwa waliopigiwa kwa mara ya kwanza na ombi lile zito, waliokubali hawakufika robo. Wanawake wale hawakuchaguliwa kwa uzee wala kwa udhaifu wa akili. Mtu akishakubali dogo, hujiona mtu wa kukubali, na la pili humkuta mlango uko wazi. Ninalitaja jaribio hili kwa sababu ndugu wengi, wakisikia kisa kama hiki, hukimbilia kusema mzee ameanza kupoteza kumbukumbu. Mbinu iliyotumika ingemfikia hata mwenye miaka 35.

Simu ya pili ilipigwa na mwanamume. Alimwita mama, akamuulizia magoti yake kana kwamba anamfahamu. Kwa mama mkubwa, kujua habari za magoti kulithibitisha kwamba kampuni ni ya kweli. Hakukumbuka kuwa habari hiyo aliitoa mwenyewe kwa mtafiti. Ofa ilikuwa pakiti ya majaribio bila malipo kwa walioshiriki utafiti, yeye alipie usafirishaji tu, na ofa inaisha siku hiyo hiyo. Akatoa namba za kadi yake ya benki. Ndipo yule kijana akabadilisha mwendo. Akasoma masharti kwa kasi, sauti imeshuka, halafu akauliza: "Mama, umeelewa na umekubali?" Mama mkubwa akasema ndiyo. Simu ilikuwa inarekodiwa, na hiyo ndiyo saini.

Nilimuuliza kwa nini alisema ndiyo. Jibu lake ndilo lililonifanya niandike haya. Alisema: "Nilikuwa nimeshamwomba arudie mara mbili. Mara ya tatu niliona aibu."

Hapa kuna suala la sikio ambalo watu wachache hulizungumza. Simu za kawaida kwa miongo mingi zimepitisha sauti kati ya takriban hezi (kipimo cha wembamba wa sauti) 300 na 3,400 tu. Inatosha kumtambua mtu na kufuata mazungumzo, lakini sehemu kubwa ya sauti za s na f iko juu ya kiwango hicho. Uzeeni, sauti nyembamba za juu ndizo hupotea kwanza sikioni. Weka hayo mawili pamoja, ongeza mtu anayesoma mbiombio, na mwisho wake ni mzee anayesikia vipande na kuziba mapengo kwa kubuni. Mama mkubwa alisikia "mwezi" akaelewa mwezi mmoja. Kilichosomwa kilikuwa kila mwezi. Ana kwa ana angesoma midomo na uso, angeona karatasi, angevaa miwani. Kwenye simu hakuwa na chochote cha kushika isipokuwa adabu yake, na adabu ilimwambia aseme ndiyo.

Pakiti ilifika. Mwezi uliofuata ikafika nyingine, na makato yakaonekana kwenye akaunti. Alipiga namba iliyoandikwa kwenye boksi, akasikilizishwa muziki mpaka akachoka. Hakumwambia yeyote. Alinyamaza kwa miezi kadhaa huku vidonge vikirundikana kabatini bila kumezwa, kwa sababu aliogopa kitu kimoja: kwamba tukijua, tutaanza kumpangia maisha.

Hofu yake ilikuwa na msingi. Kaka, mwanawe wa kwanza, aliona makato hayo alipokuwa akimsaidia na jambo lingine la benki. Alikasirika, nami naielewa hasira yake. Ilitoka kwenye mapenzi. Lakini aliyoyafanya katika saa ile yalikuwa yale yale ambayo familia nyingi hufanya. Alimuuliza mama yake, mbele ya wajukuu, alikuwa anawaza nini. Alichukua kadi akaitia mfukoni mwake. Alitangaza kuwa namba ya simu itabadilishwa na kuanzia sasa pesa zote zitapitia kwake. Mama mkubwa hakubishana. Alikwenda chumbani.

Siku chache baadaye ikaja simu ya tatu. Safari hii mpigaji alijitambulisha kuwa ni wa ofisi ya kulinda wateja. Alijua jina la vidonge na alijua kwamba pesa zilikatwa kila mwezi. Alisema wahusika wamekamatwa na fidia yake iko tayari, ila kuna ada ndogo ya kufungua faili, na kuna namba ya uthibitisho itakayoingia kwenye simu yake ambayo atamsomea. Akaongeza kwamba kwa sasa asimwambie mtu, hata wa nyumbani, maana upelelezi haujakamilika.

Huu ni utapeli unaojulikana sana duniani: aliyepoteza mara moja hutafutwa tena na anayedai kumrudishia. Wakati mwingine ni watu wale wale, wakati mwingine ni walionunua orodha. Kinachoniuma ni jinsi ulivyomkuta. Mama mkubwa alikuwa anatafuta njia ya kulimaliza jambo kimyakimya, pesa zirudi, kaka aone zimerudi, aibu iishe. Mpigaji alimpa kitu ambacho sisi tulikuwa tumemnyima, nafasi ya kurekebisha mambo yake mwenyewe. Ule ukali wa kaka, ingawa ulikuwa na nia njema, ulimtayarishia mpigaji njia.

Aliyemwokoa mama mkubwa ni mama mkubwa. Ujumbe wenye namba ulipoingia, alivaa miwani akausoma wote, kama anavyosoma kila kitu. Ulisema usimpe mtu yeyote namba hii, hata akijitambulisha kuwa ni wa benki. Akamsomea mpigaji sentensi hiyo. Mpigaji akapandisha sauti. Mama mkubwa akakata simu, kisha akampigia mjukuu wake, siyo mwanawe.

Kutoka hapo tulianza upya, safari hii yeye akiwa ameketi mezani pamoja nasi. Kaka alimrudishia kadi ile, ambayo ilikuwa lazima ifungwe hata hivyo. Benki ikaombwa mambo mawili tofauti, na ni muhimu kuyatenganisha: kutoa kadi mpya, na kusitisha idhini ya kampuni ile kukata pesa. Watu wengi huishia kwenye la kwanza. Lakini mitandao ya kadi ina huduma zinazoweza kumpelekea mfanyabiashara namba mpya ya mteja moja kwa moja, kwa hiyo makato ya usajili yanaweza kumfuata mtu hadi kwenye kadi mpya. Kisha tukaomba malipo yaliyokwisha kukatwa yapingwe rasmi. Hapo muda una uzito, kwa kuwa madai ya aina hiyo hupewa ukomo na ya zamani huweza kukataliwa. Barua ya kujitoa aliiandika mwenyewe, akaisaini, ikatumwa kwa njia inayoacha ushahidi wa kupokelewa. Ndani yake aliomba apewe rekodi nzima ya mazungumzo, siyo kipande cha "ndiyo" peke yake. Kampuni haikuwahi kutoa rekodi. Ilirudisha malipo ya miezi ya karibuni na kufunga usajili.

Kuhusu sheria, nashauri familia isome ya mahali ilipo kabla ya kutishia mtu, kwa sababu tofauti ni kubwa. Katika Umoja wa Ulaya, maelekezo ya mwaka 2011 kuhusu haki za watumiaji yanampa aliyenunua kwa simu siku 14 za kujitoa bila kueleza sababu, na kama muuzaji hakumjulisha haki hiyo, muda unaweza kuongezeka kwa miezi 12. Marekani ina kanuni ya kitaifa ya siku tatu za kughairi, ambayo watu huitaja sana, lakini inahusu mauzo ya mlangoni na ya mahali ambapo muuzaji amepanga kwa muda tu. Mauzo yaliyofanyika yote kwa simu hayamo. Mtu akiwaza ana siku tatu, kumbe hana, atakuwa amepoteza wakati wa kutumia njia nyingine.

Kifungu ninachokiona cha maana kuliko vyote kimo katika maelekezo hayo hayo ya Ulaya. Kinaruhusu nchi mwanachama kuamua kwamba mteja wa simu hafungwi na mkataba mpaka asaini au akubali kwa maandishi baada ya simu kwisha. Ujerumani iliweka sharti la maandishi mwaka 2013 kwa mikataba ya kumwandikisha mtu kwenye michezo ya bahati nasibu, na mwaka 2021 kwa mikataba ya umeme na gesi ya majumbani. Watunga sheria hao walishika kiini cha tatizo. Karibu kila kitu kilichomuumiza mama mkubwa, yaani kasi, sikio, aibu na ofa inayoisha leo, kina nguvu ndani ya simu peke yake. Mpe mtu yule yule karatasi na usiku mmoja, na mauzo mengi ya aina hii yanakufa yenyewe.

Kwa hiyo pale nyumbani tuliweka kanuni moja tu, na maneno yake aliyatunga yeye: "Sinunui kwa simu. Niletee kwa maandishi." Kaka alitaka aseme, "Mpigie mwanangu." Tulibishana juu ya hilo kuliko jambo lingine lolote, na bado naamini maneno ya mama mkubwa ni bora. Sentensi ya kaka inamwambia mpigaji kwamba anayeongea naye hana mamlaka, na inamwambia hivyo mama mkubwa pia, kila siku, kwa kinywa chake mwenyewe. Sentensi yake inamwacha akiwa mwamuzi. Pia haimlazimu kutofautisha muuzaji mwema na mlaghai katikati ya mazungumzo, kazi ambayo hata mimi siwezi kuifanya kwa uhakika.

Kulikuwa na tatizo la adabu. Mtu aliyelelewa kumsikiliza anayeongea mpaka amalize hawezi kuanza kukata simu uzeeni kwa kuambiwa tu. Mjukuu akajifanya muuzaji, akambembeleza, akalia njaa, akamwita bibi yangu mpenzi, na mama mkubwa akajizoeza kusema sentensi yake mara moja, kuaga, na kukata bila kungoja ruhusa. Zoezi hilo lilisaidia kuliko nasaha zote tulizompa.

Mambo ya mitambo ni rahisi kidogo, ingawa yana mitego. Simu nyingi za sasa zinaweza kunyamazisha namba zisizojulikana, lakini hospitali na mafundi nao mara nyingi hupiga kwa namba zisizojulikana. Tuliruhusu ziache ujumbe wa sauti, naye husikiliza ujumbe akiwa ametulia, kwa sauti ya juu, mara nyingi atakavyo. Namba au jina linalojitokeza kwenye kioo halithibitishi kitu, maana linaweza kughushiwa. Akitaka kuhakikisha jambo la benki, hupiga namba iliyo nyuma ya kadi yake, kamwe siyo aliyopewa na mpigaji, na kama anatumia simu ya mezani husubiri kwanza au huchukua simu nyingine, kwa kuwa kwenye baadhi ya mitambo laini huweza kubaki wazi kwa muda ikiwa aliyepiga hajakata. Tulimpeleka pia kupimwa masikio, jambo lililopaswa kufanyika bila hata kisa hiki.

Orodha za wasiotaka simu za mauzo ni nzuri mahali zilipo, mradi ijulikane mipaka yake. Ile ya Marekani ilianza mwaka 2003, na misaada ya hisani, siasa na utafiti wa kweli haviguswi nayo. Tapeli haisomi kabisa. Faida yake kubwa, kwa maoni yangu, ni kwamba inapunguza kelele: kampuni zinazofuata sheria zikiacha kupiga, anayebaki kupiga anajitia shaka mwenyewe. Uingereza ilikwenda mbele zaidi kwa upande wa pensheni. Tangu Januari 2019, mtu kupigiwa simu ya kuuziwa huduma za pensheni bila kuiomba ni kinyume cha sheria isipokuwa katika hali chache, kwa hiyo simu yenyewe inatosha kuwa onyo.

Taarifa za akaunti ndilo eneo tulilokwenda polepole. Mama mkubwa alikubali ujumbe wa kila makato upelekwe pia kwa mjukuu wake, ambaye huona bila kuwa na uwezo wa kugusa. Tofauti hiyo kati ya kuona na kushika ndiyo iliyomfanya akubali. Kuna familia ambako haitatosha. Kama mzee ambaye siku zote alikuwa makini anaanza kulipa bili ileile mara mbili, anashindwa hesabu alizozizoea, au hakumbuki kabisa kwamba aliongea na mtu, hapo ni suala la daktari, na huenda la kumpa ndugu mamlaka ya kisheria wakati mzee bado anaweza kuamua ampe nani. Matatizo ya pesa huweza kuwa dalili ya mapema ya ugonjwa wa uzeeni wa kupoteza kumbukumbu. Lakini uthibitisho utoke kwenye uchunguzi, usitoke kwenye hasira ya aliyefungua akaunti akakuta makato.

Kuna sehemu ambayo hakuna kifaa kitakachoitibu. Nilipomuuliza mama mkubwa kuhusu yule mwanamke wa kwanza, wa utafiti, alisema mwanamke huyo alimsikiliza kuhusu magoti tangu mwanzo hadi mwisho bila kumkatiza. Sisi tulikuwa tunampigia simu kuuliza kama amekula na kama dawa zipo. Sasa mjukuu humpigia jioni, na wana kanuni yao kwamba kila mmoja lazima amweleze mwenzake nani alimpigia siku hiyo na alitaka nini. Simu za wauzaji zinatajwa hapo zikiwa habari ya kawaida ya siku, na hakuna anayeulizwa alikuwa anawaza nini.

Simu hazijakoma, kwa sababu jina lake bado liko kwenye orodha za watu. Ana daftari kando ya simu ambamo huandika tarehe, saa, kampuni inayodaiwa kupiga na kilichotakiwa. Kurasa za mwanzo alizinakili akaziambatisha kwenye malalamiko yake kwa mamlaka inayosimamia mawasiliano, pamoja na madai ya malipo ya miezi ya kwanza ambayo kampuni imekataa kuyarudisha. Jibu la kwanza lilimtaka alete ushahidi kwamba hakuelewa masharti. Amewaandikia tena, akiwataka wao waidai kampuni rekodi ya simu.